Malalamiko ya Fundi Cherehani Aliyetiwa Kwenye Kamusi Chini ya Neno "Mmbea"

Ndugu Mhariri wa Kamusi,

Salamu nyingi zikufikie hapo ofisini, wewe na wasaidizi wako wote. Mimi ni yule fundi cherehani wa duka la kona. Ulipokuwa unaandika kamusi ulipanga chumba nyuma ya duka langu, na nilikupunguzia suruali mara kadhaa bila kumwambia mtu ulivyokuwa unakonda kwa mawazo.

Juzi mjukuu wangu alirudi kutoka shuleni na kamusi yako mpya, akaniambia, "Bibi, wamekuandika." Nikafurahi, nikavaa miwani. Chini ya neno "mmbea" umeweka mfano huu: "Fundi yule wa kona husikiliza kuliko anavyoshona, ni mmbea." Darasa zima lilicheka, kisha likaenda kusema nyumbani. Tangu hapo wateja wangu wanaingia kimya, wananyoosha mikono niwapime, wanaondoka. Ndugu Mhariri, mimi ni mjane. Sauti za wateja ndizo redio yangu, na wewe umeizima. Naomba haki yangu kwa sababu zifuatazo:

1. Maana uliyotoa si sahihi. Umesema mmbea ni "mtu anayependa kutangaza habari za wengine zisizomhusu". Hazinihusu kivipi? Muuza nyama alileta koti la harusi nimpanulie mabega, na wiki hiyohiyo mchumba wake akaleta gauni lake la harusi nilikate liwe la kwendea kazini. Nguo zote mbili zilikuwa mezani kwangu. Ningenyamaza, yule bwana angevaa koti bure.

2. Umerundika visawe ovyo. Mbele ya "mmbea" umeandika: "pia mdaku, mdukizi, msengenyaji, mzushi, mfitini", kana kwamba wote ni mtu mmoja. Huko ni kushona mfuko wa shati kwenye goti la suruali. Mdaku hutafuta habari, mimi huletewa. Mdukizi hutega sikio ukutani. Ukuta wangu ni wa mbao, na jirani yangu mwalimu mkuu akigombana na mkewe, maneno yanapita yenyewe. Msengenyaji humsema mtu asipokuwepo. Mimi nilimsema wifi yangu asipokuwepo kwa sababu akiwepo haniachii nafasi ya kusema. Mzushi hutunga uongo, na hakuna aliyewahi kunikamata na uongo, ndiyo maana watu wananiogopa. Kuhusu mfitini, muulize nesi wa zahanati. Ni kweli yeye na dada yake hawasemezani, lakini hata kabla sijawapatanisha hawakuwa wakisemezana vizuri.

3. Neno lenyewe lina upendeleo. Mtu akisoma habari za wenzake redioni anaitwa mtangazaji. Akiziandika gazetini anaitwa mwandishi. Akiziuliza hospitalini anaitwa daktari, tena watu wanapanga foleni kumweleza. Mimi nikizisema hapa dukani, pini mdomoni na bila mshahara, naitwa mmbea.

4. Hili ndilo kubwa. Nimeisoma kamusi yako mwanzo hadi mwisho. Umetoboa siri za maneno: neno lipi limezaliwa na lipi, lipi lilihamia kutoka nje, lipi limechakaa halitumiki tena, na lipi ni la matusi lisilofaa mbele ya wakwe. Hakuna hata neno moja lililokutuma uliseme. Kwa hiyo, kwa maana yako mwenyewe, Ndugu Mhariri, wewe ni mmbea kutushinda sote, ila umbea wako una jalada gumu na unanunuliwa na shule.

Kwa heshima naomba neno "mmbea" lifutwe pamoja na visawe vyake vyote, na mahali pake uweke "mtunza habari", ukieleza kuwa ni mtu wa kuheshimika mtaani. Mfano ukikulazimu, mweke kinyozi, maana yule hakuna asiyemjua. Ukikataa, itabidi nami nitoe maana zangu kuhusu mpangaji wa chumba cha nyuma, tena pamoja na mifano.

Wasalimie wahariri wenzako wote, mlinzi wa getini, na yule karani wa mapokezi ninayemshonea magauni mapana na bado hajawaambia sababu.

Ni mimi, niliyefungwa mdomo kwa dhuluma,
Fundi wa Kona

Nyongeza: Nilikuwa nimeshafunga bahasha mkeo alipoingia na sketi ya kutia zipu. Aliniuliza kama ni kweli mimi ndiye wa kwenye kamusi. Nilipokubali akavuta stuli, akasema basi amefika, kwa sababu hana mwingine wa kumwambia. Aliongea mpaka chai ikapoa. Nilifurahi kusikia sauti ya mtu humu ndani hata machozi yakanitoka. Pole sana, Ndugu Mhariri, sikujua kuwa siku hizi unalala sebuleni. Basi, neno liache lilivyo, na ule mfano usiuguse, ila uongeze jina la mtaa na saa za kufungua duka. Habari za sebuleni hazitatoka kwangu. Nimemwambia muuza maziwa tu, naye si mtu wa maneno, anapita tu nyumba kwa nyumba.