Mwanamke wa Nyuma ya Pazia

Leo nimejivunjia heshima mchana kweupe, hapa hapa Garsen, na majirani wote wameona.

Mimi na mume wangu Komora tuna starehe moja: zile filamu za kutisha za bei rahisi ambazo hakuna mtu mwingine anayezijua. Damu ni sosi ya nyanya. Jini amevaa saa ya mkononi. Tunaangalia wawili tu, na ni marufuku mmoja kumtangulia mwenzake. Hiyo ndiyo ndoa yetu, mengine ni kupika na kufua.

Asubuhi, kabla sijaenda kuuza samaki sokoni, tukawasha mpya, ya jini anayeishi ndani ya friji. Mara Komora akaanza kucheka. Friji bado imefungwa! Halafu ikafunguka, jini akatoka, akajikwaa kwenye waya.

"Umejuaje?"

"Nimebahatisha tu, mama watoto."

Mtu anabahatisha waya? Nikajua ameshaiangalia, na hakuiangalia peke yake. (Komora ni mwoga. Peke yake hawezi kuangalia hata taarifa ya habari.)

Sokoni sikuuza kitu. Mteja ananiuliza bei ya kambale, mimi namwona mwanamke amekaa kwenye mkeka wangu, anamshika mume wangu mkono kila jini akitokea. Wivu ulinikaba mpaka nikafunika ndoo, nikarudi nyumbani.

Nikanyata hadi mlangoni. Ndani filamu inaendelea. Kisha nikasikia mwanamke akipiga ukelele, kama ameziba mdomo kwa leso.

Nikaingia na mwiko. (Sijui niliuokota wapi, msiniulize.) Komora amekaa kwenye mkeka, anapitisha sahani ya bisi chini ya pazia la mlango wa uani. Mkono wa kike ukatokea, ukaipokea!

"Toka, mwizi wa waume! Leo Garsen nzima itakujua!"

Majirani wakajaa mlangoni. Hata mama wa Kiorma anayetuletea maziwa akatua dumu lake.

"Mama watoto, nakuomba, usiguse hilo pazia!" Komora akalia.

Hapo ndipo nilipolivuta. Likaanguka na kamba yake.

Alikuwa mama yangu. Mama aliyenizaa, kwenye kigoda, bisi mdomoni.

Sasa, kwetu mkwe na mama mkwe hawakai pamoja wala hawatazamani usoni. Pazia lilikuwa la heshima! Mama akajifunika leso uso mzima. Komora akageukia ukuta. Mimi nimebaki katikati na mwiko wangu.

"Mwizi ndio huyu mama mzee?" akauliza mama wa maziwa.

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Kwamba na uzee huu napenda majini?" Halafu, kutoka ndani ya leso: "Mwambie mumeo asimamishe picha, nisipitwe."

"Mwambie mama nimeshasimamisha," Komora akauambia ukuta.

Nimelifunga pazia kwa mikono yangu mwenyewe. Wameendelea na filamu, mimi nimefukuzwa kwa sababu nina kelele. Niko jikoni nakaanga kambale waliokosa mnunuzi, nawasikia wale wawili wakishtuka pamoja, na wivu bado ninao, tena umezidi.

Tafadhali msicheke. Au chekeni polepole, mama anasema hasikii jini.