Nafasi ya Fizikia Niliyomshikia Maren

Jumatatu, 3 Novemba

Maren kaja kula mchana. Macho mekundu, kama ya mtu aliyekesha na vitabu. Mjukuu wangu yuko mwaka wa pili chuoni na anataka kuwa daktari. Kwetu hilo lina safari yake: kwanza shahada hii, ndipo aombe shule ya udaktari, na huko watakagua kila alama aliyopata. Muhula uliopita alipata C ya kemia. Bi. Vang, mshauri wake wa masomo, amemwambia bila kuficha: C nyingine ya sayansi, na asahau udaktari.

Kwa hiyo Bi. Vang amempangia muhula wa Januari hivi: kemia ya kaboni, biolojia ya seli, takwimu na ufinyanzi. Sayansi nzito mbili tu. Fizikia isubiri mwaka wa tatu. Maren karidhika. Nami niliridhika, mpaka jioni.

Jioni nikakutana na Vernon Tollefson dukani, kwenye rafu ya kahawa. Alifundisha michezo shule ileile niliyofundisha Kilatini, na bado huongea kama mwenye filimbi mdomoni. Mjukuu wake Brody naye anaelekea udaktari, chuo hichohicho. Anachukua kemia ya kaboni, fizikia na jenetiki kwa mpigo. Akauliza Maren anachukua nini. Nikamtajia, nikauruka ufinyanzi.

"Aa, basi anapumzika kidogo," akasema. "Vizuri, Mwalimu. Si kila mtoto ana kifua cha kubeba mzigo."

Nilirudi nyumbani bila kahawa.

Jumanne, 4 Novemba

Nina mpango. Nieleze kwa utaratibu.

Fizikia ina walimu wawili. Lindahl, saa nne asubuhi, mpole, hurudia jambo mpaka lieleweke. Strand, saa mbili asubuhi. Kwake anayerudia ni mwanafunzi, mwaka unaofuata. Kwa Lindahl fizikia si mzigo kamili. Kwa hiyo sayansi tatu, moja ikiwa ya Lindahl, ni mbili na kitu. Hesabu haina ubishi.

Tatizo: darasa la Lindahl hujaa upesi, na usajili hufunguliwa kwa zamu. Wenye yuniti nyingi huanza. Zamu ya Maren ni Alhamisi. Yangu ni leo. Wazee wa mji huu tunaruhusiwa kusoma chuoni, na kwa kuwa shahada yangu niliipata hapohapo, kompyuta inazihesabu yuniti zangu zote za ujanani. Kwa mashine ile, hakuna mwanafunzi aliyenitangulia.

Saa moja asubuhi nikajisajili kwa Lindahl. Nafasi ya mwisho. Alhamisi nitaiachia, Maren ataidaka.

Ardis, mke wangu, aliuliza mtu aliyeshindwa kubadili balbu ya friji anakwenda kusoma fizikia gani. Nikamweleza. Akasema nimwache mtoto.

Nikampigia Maren. Akasema, "Babu, Bi. Vang alisema mbili." Nikamwambia Bi. Vang hana habari ya nafasi tuliyo nayo mkononi. Takwimu aiache, maana saa zinagongana na za Lindahl.

"Haya. Lakini ukiniharibia, Babu, nahamia kwako na vitabu vyangu vyote."

Nilimwambia chumba kipo.

Alhamisi, 6 Novemba

Saa mbili kamili niliiachia nafasi. Maren akabonyeza. Darasa limejaa.

Ipo foleni ya kusubiri. Nafasi ikitoka, kompyuta humpa aliye mbele ya foleni, kabla kidole cha mtu hakijagusa kitu. Aliyekuwa mbele ni Brody Tollefson.

Maren alikimbilia takwimu. Nayo imejaa. Bila somo la nne hafikishi yuniti za mwanafunzi kamili, na asiyefikisha hupoteza chumba bwenini. Iliyobaki wazi ni fizikia ya Strand. Kaichukua. Sasa ana sayansi tatu nzito, kile hasa alichokatazwa. Alitaka kumkimbilia Bi. Vang, nikamwambia asubiri.

Hakunikaripia. Alisema tu, kwa sauti ndogo, "Babu, mimi nilidhani foleni umeshaiulizia. Hata watoto wa mwaka wa kwanza wanaijua."

Mchana Vernon akapiga simu kutoa habari njema. Kuna mtu mwema kaacha nafasi kwa Lindahl. Mungu ambariki, akasema.

Ardis kasema kumbe Brody ana babu wawili.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimerekebisha mambo. Jana nilimfuata Vernon, nikamdokezea kwa upole kwamba chuoni wanaokwenda kwa Lindahl wanahesabiwa kuwa wanapumzika kidogo. Wenye kifua wako kwa Strand. Shingo ikamwiva. Akasema Brody hakuwahi kumwogopa Strand, na Jumatatu saa tatu ataiachia nafasi hiyo mchana kweupe. Ila kwa wema huo nishike zamu yake kwenye chakula cha kanisa.

Basi leo nimeshinda jikoni, chini ya kanisa, nikichemsha lutefisk, yaani samaki mkavu aliyelowekwa kwenye magadi mpaka akawa kama utelezi wa sabuni. Babu zetu walimla kwa dhiki. Sisi tunamla kwa hiari, na siagi. Koti langu limenuka hata Ardis kalitoa nje kwenye theluji. Akaniuliza kama nina hakika na Jumatatu. Nikamwambia nimelichunguza kosa la Alhamisi: Maren alichelewa kubonyeza.

Maren aliuliza kama aingie kwenye foleni walau. Nikamwambia hapana. Foleni ni ya watu wasio na mpango.

Jumatatu, 10 Novemba

Brody kaachia saa tatu kamili. Mtoto mwaminifu. Maren alikuwa na kidole tayari.

Nafasi imekwenda kwa binti mmoja wa mji wa Bemidji ambaye hatumjui.

Maren kakata simu kabla sijamaliza kueleza. Baadaye Ardis kampigia. Leo saa nne alikuwa na jaribio la kemia, akaliingia moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta. Swali la mwisho hakuligusa. Ardis alinieleza hayo akiwa amesimama, na hakuketi.

Sikula chakula cha jioni. Nilisoma kidogo kuhusu Strand. Wanasema huwa anatabasamu mwezi wa Mei, muhula ukiisha.

Jumatano, 12 Novemba

Maren alikwenda kwa Bi. Vang mwenyewe, bila kuniambia. Bi. Vang akampigia mwalimu wa takwimu, mwalimu akakubali kuongeza kiti, fizikia ikafutwa. Yamekwisha kabla chai yake haijapoa. Sasa ana kemia ya kaboni, biolojia ya seli, takwimu na ufinyanzi. Sawasawa na ilivyokuwa kabla sijaanza kumsaidia.

Alikuja kutuambia, akanywa bakuli mbili za supu ya mchele wa porini, akalala kwenye kochi na viatu. Alipoamka akasema, "Ningekwenda tangu Alhamisi, Babu. Wewe ndiye uliyesema nisubiri." Akanibusu kipara. Bi. Vang ananisalimu. Kasema nikitaka kusoma fizikia nakaribishwa sana, na nisipotaka, nikae mbali na kompyuta ya usajili.

Ardis kacheka mpaka kashika meza.

Alhamisi, 13 Novemba

Nimelitafakari jambo hili kwa utulivu. Mpango ulikuwa mzuri. Kilichotuangusha ni mashine, nami nimeahidi kukaa mbali na mashine. Ahadi ni ahadi. Nitashughulika na watu.

Asubuhi nilikuwa naitazama ratiba mpya ya Maren, nakala aliyomwachia Ardis. Ni ratiba nzuri, inabebeka. Ila Jumatano mchana yote ni tupu. Tupu kabisa. Shule za udaktari hupenda mwombaji aliyewahi kumfuata daktari kazini, na Kristin Aune, daktari wa moyo, nilimfundisha Kilatini miaka mitatu. Nimempigia. Kakubali: Maren atakuwa naye wodini kila Jumatano, tangu saa sita mpaka jioni. Nimemwambia mtoto anaisubiri kwa hamu.

Maren bado hajui. Bi. Vang naye sikutaka kumsumbua, ana wanafunzi wengi.

Ijumaa nayo, ukiiangalia vizuri, haina kitu baada ya saa nane.