Ua la Uchumba Mkononi mwa Shangazi

Jumatatu, 3 Juni 1641, Haarlem
Nimemaliza picha ya Machteld, binti wa Mzee Govert mpika bia. Alipoondoka nikamtia karnesheni nyekundu mkononi, pale pichani. Ua la uchumba! Mji mzima unalielewa, hata asiyejua kusoma. Kisha nimejichora mwenyewe, ukubwa uleule, nimemgeukia, na karnesheni yangu. Zote nimezipeleka kwao, yangu ni zawadi. Zikitundikwa pamoja, mume kushoto, mke kulia, nani atabisha? Joris, mchoraji wa ng'ambo ya mfereji, na apasuke! Jana kanisani alimwokotea glavu. Glavu! Sikulala.

Alhamisi, 6 Juni
Machteld ameliona ua. Hakukasirika! Amecheka, akasema Shangazi Aleid, yule mjane niliyemchora wakati wa Pasaka, ameona wivu, eti nimtie na yeye kama lile, maskini. Nimekwenda na brashi, nikamtia papo hapo. Nina moyo laini mno.

Jumapili, 9 Juni
Nimealikwa chakula baada ya ibada. Picha ziko ukutani. Machteld na ua lake. Kushoto kwake, akimkodolea macho, Joris! Kajichora mwenyewe, na karnesheni kubwa kuliko yangu! Mimi? Ukuta wa pili, ubavuni mwa Shangazi Aleid. Kila mmoja na ua lake. Majirani wakapiga makofi. Mzee Govert akanikumbatia: "Karibu nyumbani, shemeji!" Joris akainama, eti shikamoo mjomba. Aliyepanga misumari ya picha ni Machteld. Kwa wivu, samaki nikamwacha sahanini.

Jumanne, 11 Juni
Nimekwenda kwa Aleid kuvunja uchumba. Nimemkuta Wolfert, karani wa mji, kakalia kiti changu (sijawahi kukikalia, lakini ni changu) na kamletea mayungiyungi kikapu kizima. Damu ikanichemka. Mchumba wa mtu! Majirani wote mashahidi! Sasa siuvunji ng'o. Nimemwahidi Wolfert picha, bure kabisa. Nitamshikisha ua la afyuni, ua la kaburini, Aleid ajue anakaa na maiti. Wolfert amekubali. Atakuja kwangu kuchorwa kila siku, wiki sita. Aleid ameomba kuja naye, amshikie kofia asichoke. Vizuri sana. Nitawachunga wote wawili.