Ombi la Kufuta Maneno "Bila Kutoa Sababu"

Duka la Vyondo kwa Simu,
Nyuma ya Duka la Mbegu,
Voi.

Kwako Mwalimu Harrison,

KUH: MALALAMIKO JUU YA KIFUNGU CHA NNE CHA KARATASI YAKO

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, na kwamba ile suruali iliyomwagikiwa chai siku ya mwisho ya semina ilitakata. Huku Voi sisi tu wazima. Jua ni lile lile na maji ni ya zamu.

Utanikumbuka. Mimi ndiye Mkamburi, yule mama wa mstari wa mbele aliyeuliza maswali saba mpaka wenzake wakaanza kuguna. Ninauza vyondo vya mkonge kwa simu. Akina mama wa kikundi chetu wanavisuka kule Makwasinyi, mimi ninavitundika kwenye msumari na kuvipiga picha, mteja anachagua, Festus wa bodaboda anapeleka. Wewe ulitufundisha kwamba hata duka dogo linaweza kumpa mteja haki ya kughairi bila kufilisika, ukatugawia fomu ya kukagulia vinavyorudi na karatasi ya vifungu vinane tunakili. Nilinakili vyote, hata kosa la chapa lililo kwenye kifungu cha sita.

Kifungu cha nne kinasema: "Mteja ana haki ya kughairi na kurudisha bidhaa ndani ya siku saba bila kutoa sababu." Ulisema ni jambo jepesi na halina gharama. Mteja analipa nauli ya kurudisha, mimi nakagua, namrudishia pesa zake, tunaachana kwa amani. Ukasema katika wateja mia watarudisha wawili au watatu. Mwalimu, mimi sikuiti mwongo. Nasema tu kwamba hao mia uliowahesabu hawakuwa wa Taita Taveta.

Kinachoniuma nikiseme mapema. Vyondo vinavyorudi karibu vyote ni vya mtu mmoja, naye ni Shangazi Wakesho, dada ya baba yangu, aliyenisomesha kwa kusuka vyondo hivi hivi. Mwenyekiti wa kikundi, Mama Kalondu, ameniambia kwa upole sana kwamba vikiendelea kurudi hadi mwisho wa mwezi, vya Shangazi vitaondolewa kwenye ukurasa wetu wa mtandaoni. Nataka kujua vina kasoro gani nipate kumtetea. Nimevikagua msumarini, msuko umekaza, rangi imeshika, sioni kitu. Wanaojua ni wateja, na wewe umewaruhusu wanyamaze. Kwa hivyo nakuletea malalamiko yafuatayo.

1. Kwamba watu wa huku hawanyamazi. Loice wa Sagalla alirudisha kiondo na ujumbe wa sauti wa dakika kumi na moja. Niliusikiliza wote nikiwa na kalamu mkononi. Alianza na salamu za nyumba nzima, akaja kwenye foleni ya maji, akapitia mgogoro wa kwaya kuhusu sare, na dakika ya kumi akafika kwenye kiondo: "Si eti ni kibaya, dadangu, ni kisafi kabisa, hata wifi yangu amekipenda. Ni vile tu nimeona niache kwanza." Kisha akaniombea. Mwalimu, "nimeona niache kwanza" naiandika kwenye safu gani ya fomu yako?

2. Kwamba wengine huja wenyewe. Mzee Mwinyihaji, mwenye duka la vitambaa hapa mjini, alimnunulia mkewe Safaa kiondo. Siku ya tano alikuja nacho mkononi, akaketi saa nzima, akasifu kila uzi. "Kazi nzuri mno hii, mwanangu, wala usidhani nakitia ila. Ni moyo tu haujatua." Nikamwuliza moyo umekwama wapi. Akacheka, akauliza habari za watoto. Alipoondoka nilikagua kiondo kama ulivyofundisha, nikakuta ndani kuna halua.

3. Hapa sasa tunaingia kwenye gharama, na naomba usome ukiwa umekaa. Kwetu, mtu akikuletea chombo humrudishii kitupu. Wewe uliandika kwamba bidhaa irudi katika hali iliyotoka nayo. Kiondo cha Loice kilitoka kitupu, kikarudi na kilo mbili za pojo. Kingine kilirudi na mahindi mabichi na kuku mzima aliyefungwa miguu, na kuku huyo alitaga njiani. Fomu yako ina safu ya kilichopungua na safu ya kilichoharibika. Haina safu ya kilichoongezeka. Nililiandika yai kwenye sehemu ya maoni.

4. Na mimi nimelelewa. Siwezi kupokea pojo za Loice nikanyamaza. Nilimrudishia pesa zake siku ile ile, kama kifungu cha tano kinavyotaka, halafu nikamtumia sukari na majani ya chai. Nitavitia ndani ya nini? Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku, na ndani ya duka langu hakuna chombo kingine ila vyondo. Nikavitia kwenye kiondo kile kile. Loice naye hawezi kukirudisha kitupu. Kiondo hicho sasa kimepanda na kushuka Sagalla mara tano, kikiwa kimeshaghairiwa na pesa zake kurudishwa, na Festus asipokiona siku mbili anauliza kama kinaumwa. Nauli ni yangu, kwa kuwa mteja alishalipa ya kurudisha mara moja na haki yake ikaisha. Tafadhali nieleze, zile siku saba zinaanza upya kila kinapopanda, au nilishatoka kwenye kalenda?

5. Kwamba habari imeenea. Wiki iliyopita mama mmoja wa hapa mjini aliagiza kiondo asubuhi na kukighairi mchana, kabla hakijalizoea bega lake. Ndani aliweka dawa ya kikohozi na gauni la mtoto, na karatasi ya kuniomba kwamba kwa kuwa kiondo kinarudi Makwasinyi kwa msusi, nimfikishie dada yake anayekaa jirani. Nilimfikishia, kwa sababu mtoto anakohoa kweli. Lakini naona sasa nina kampuni ya vifurushi ambayo haitozi mtu chochote, na wateja wake wote wana haki.

6. Hili ndilo kubwa. Vilivyomo ndani ya kiondo ni vya aliyekisuka, huo ndio ustaarabu. Kwa hivyo pojo, halua, mahindi na yule kuku vyote nimevipeleka kwa Shangazi. Nilikusudia kumweleza kwamba vyondo vimekataliwa, lakini jaribu wewe kumwambia mama mzee kwamba amekataliwa huku unamkabidhi kuku. Alidhani wateja wanamshukuru, na mimi nikanyamaza. Kwa furaha hiyo ameongeza mwendo. Zamani alisuka kiondo kimoja kwa wiki mbili, sasa anasuka viwili kwa wiki moja. Anaposhukuriwa zaidi ndivyo anavyosuka zaidi, anaposuka zaidi ndivyo vinavyorudi zaidi, na vinaporudi zaidi ndivyo anavyoshukuriwa zaidi. Hesabu hii haimo kwenye karatasi yako.

Kwa sababu hizo zote, naomba kwa heshima kifungu cha nne kiandikwe upya hivi, nawe ukisambaze kwa wote waliohudhuria semina:

a) Maneno "bila kutoa sababu" yafutwe kabisa.

b) Mteja aruhusiwe kughairi pale tu atakaposema ukweli, kwa sentensi moja isiyo na salamu, isiyomtaja wifi wala kutaja moyo.

c) Ukweli huo uthibitishwe na chifu, mchungaji au imamu, mradi mthibitishaji asiwe na kiondo chetu.

d) Kiondo kikirudi kikaguliwe na mashahidi wawili, na kikikutwa na chakula, kughairi huko kuwe batili.

e) Mteja atakayeisifu bidhaa anayoirudisha ahesabiwe kuwa ameinunua.

Najua utasema masharti haya ni makali. Lakini mimi nawapenda wateja wangu, na huo wema wao unanimaliza. Mtu mmoja tu angenikazia macho akaniambia kasoro ya kiondo cha Shangazi, ningeipeleka Makwasinyi ikarekebishwa, na Mama Kalondu angekuwa hana la kusema. Mwezi umebakiza siku tisa.

Nasubiri jibu lako nikiwa na matumaini. Wasalimie mama watoto, na yule dada aliyekuwa anagawa kalamu, na dereva aliyewaleta, na yeyote wa ofisini kwenu anayetukumbuka. Festus anakusalimu, na Loice pia, kwa maana nilimwambia nakuandikia akasema nisisahau. Kuku hajambo.

Ni mimi mwanafunzi wako mtiifu,

Mkamburi

NYONGEZA: Nilikawia siku mbili kuituma barua hii, na hapo katikati Shangazi mwenyewe ameshuka kutoka Makwasinyi kuleta vyondo vipya. Alikiweka kimoja juu ya meza yangu, kikalala upande. Akakisimamisha, kikalala tena. Akaipapasa meza kwa kiganja kutoka pembe hadi pembe, akasema fundi aliyeniuzia alinipunja, meza haiko sawa. Nikamjibu kweli Shangazi, haiko sawa. Kitako cha kiondo ndicho kilichopinda, ila mimi siku zote nilikuwa navitundika msumarini, na vilipokuwa vikirudi vilijaa pojo, vikasimama wima. Nilipompa chai alinyoosha mkono pembeni kidogo ya kikombe, na mimi nikatoka nje nikalia. Loice alijua. Mzee Mwinyihaji alijua. Nimekasirika nao dakika nzima, kisha nimewapenda kuliko zamani. Niliporudi ndani Shangazi akaniuliza kama wanaorudisha huwa wanasema lolote. Nikamwambia hawasemi, sheria ya duka haiwadai sababu. Akasema aliyeiandika sheria hiyo alilelewa vizuri. Kwa hivyo, Mwalimu, kifungu cha nne kiache kama kilivyo, usiguse hata nukta. Mama Kalondu nimemwambia vya Shangazi mwezi huu nimevinunua vyote mimi, na sighairi. Badala ya kifungu kipya, nitumie namba ya daktari wa macho.