Vita Vyangu na Kibao

Jumatatu, 5 Mei 1997

Maishani nimeshinda mengi. Njaa, nyani wa shambani, mume. Leo nimeletewa adui wa plaiwudi.

Martina mjukuu wangu karudi kutoka shule na kibao shingoni, kimefungwa kamba ya katani. Kimeandikwa. Herufi nazijua, nilizipata kwenye kisomo cha watu wazima nikiwa na mvi tayari. Shule sikuingia hata kwa kuchungulia. Lakini maneno yale hayakuwa ya Kiswahili. Ikabidi Joyce, binti yangu, mama yake Martina, anisomee. Eti "Mimi ni punda." Huko ingilishi midiamu huvishwa mtoto aliyesikika akisema Kiluguru au Kiswahili. Anakaa nacho mpaka amnase mwingine.

Nikauliza kasema nini. Aliona nyoka chooni, akapiga kelele kwa Kiluguru. Nyoka kauawa, mtoto kavishwa kibao. Walitaka nyoka asubiri kidogo, mtoto atafute Kiingereza chake.

Joyce kasema Mama, dunia imebadilika, sasa ni soko huria, asiye na Kiingereza atauza mchicha hadi afe. Nikamwambia mchicha huo ndio uliokujaza mapaja hayo. 

Ila jambo moja limenikaba. Martina hasemi. Huyu ni mtoto wa kuongea hata akiwa na maji mdomoni. Jioni tukimenya njegere hunisimulia siku nzima, hakuna jani analoliruka. Leo kimya. Anatikisa kichwa tu. Anamwogopa Amosi, mjukuu wa Bi Chausiku jirani, ambaye hutega sikio kwenye ua wetu akapeleke habari shuleni.

Kesho nitavimaliza vita hivi.

Jumanne, 6 Mei

Nimevimaliza. Alfajiri nilikitia kibao jikoni, chini ya chungu cha maharage. Yameiva vizuri sana. Plaiwudi ina moto mkali.

Martina alipokikosa alilia, tena bila sauti, asije akalia kwa Kiluguru. Joyce kaniita mkaidi. Nikamwambia ukaidi huu ndio uliokuvusha wewe surua.

Jioni. Karudi na kibao kipya. Cha mninga. Kikubwa kama sinia. Shingo ya mtoto imeinama mbele kama bua lililozidiwa na hindi. Bi Chausiku alikuwa kasimama kwenye ua, akanipa pole ndefu yenye sukari. Amosi wake, kasema, hajavaa kibao tangu muhula uanze. Nikamwambia anayenyamaza pengine hana la kusema. Akaingia ndani.

Alhamisi, 8 Mei

Martina bado kimya. Asubuhi hakunipa hata shikamoo. Kapiga goti, neno halitoki. Nikaitikia hivyo hivyo: marahaba, mama, marahaba. Uji ukanishinda.

Nimejaribu Kiingereza. Nimemwomba Joyce anifundishe kidogo nimwongeleshe mtoto kwa njia halali. Kanipa "gudi moningi". Nikamwambia Martina hivyo saa moja jioni. Akacheka kwa pua. Ni kitu, lakini hakitoshi kumenyea njegere.

Nikamdadisi Joyce juu ya ile sheria. Ni ya watoto tu? Kasema ni ya kila mtu aliye ndani ya uzio wa shule, Mwalimu Gervas, mkuu wa shule, alijigamba hivyo mkutanoni. Kila mtu. Hata yeye.

Nimekula ugali mara mbili.

Ijumaa, 9 Mei

Siafu. Mtu akiumwa na siafu husema lugha ya mama yake, hana ujanja. Nikachota kundi zima kwenye kopo la mafuta, nikafunika kwa jani la mgomba, nikashika njia ya shule. Mpango: kopo chini ya kiti cha Mwalimu Gervas. Bwana huyu hajawahi kusikika akisema neno lisilo la Kiingereza. Akipiga chafya huomba radhi kwa Kiingereza. Wazazi wanaamini kazaliwa Ulaya.

Jani lilikuwa na tundu. Nililijua hilo nikiwa katikati ya uwanja wa shule. Siafu walinipanda kwa ndani. Nikacheza ngoma ambayo haijapewa jina, nikawatukana siafu na wazazi wao kwa Kiluguru, shule nzima madirishani. Martina akaja mbio. Nikajua anakuja kunikung'uta. Kumbe kaja kunivisha kibao.

Nilijivuna mno. Akili hiyo kaitoa kwangu. Nikasimama na siafu wangu, nimetulia kama bi harusi.

Mwalimu Gervas akatoka. Kasema kwa Kiingereza, mwalimu mwingine akatafsiri, kwamba bibi si mwanafunzi, hahesabiwi. Kibao kikarudi shingoni kwa mtoto. Basi "kila mtu" ya Kiingereza ni fupi kuliko ya kwetu.

Jumamosi, 10 Mei

Sokoni. Akina mama wa mlimani wameshuka na karoti. Nikamlilia Veronika, rafiki yangu wa zamani, habari za huyo Mzungu wa hapa kwetu Bigwa. Akashusha tenga. Gervas yupi, yule mrefu mwenye kidevu kama jembe? Ulaya gani, mwenzangu. Ni mtoto wa juu huko misheni, kalelewa na mjomba wake, shamba lao linapakana na letu. Na ukoo wake akautaja.

Nikakaa juu ya karoti za watu. Ukoo ule na ukoo wetu ni watani tangu babu wa mababu. Mtani wangu! Naweza kumtukana mlangoni pa kanisa, kumpora chakula msibani, kukwapua kitu chake mpaka akigomboe, naye hana ruhusa ya kukasirika. Ana ruhusa ya jambo moja tu, kujibu. Asiyejibu utani kawaaibisha waliomzaa.

Jumapili, 11 Mei

Nimesali. Nimemwomba Mungu anikumbushe matusi ya zamani. Kanikumbusha mengi.

Jumatatu, 12 Mei

Nilifika watoto wakiwa mstarini, kengele ya shaba mezani. Nikaikwapua, nikakaa kwenye kiti cha Mwalimu Gervas, nikaiweka mapajani.

Kaanza Kiingereza. Nikamwambia mtani wangu, Kiingereza hakijibu utani, ni mvua inayonyesha upande wa pili wa mlima. Nikautaja ukoo wake mbele ya shule. Kidevu kikashuka kidogo. Nikawaeleza watoto kwamba watu wa kwao walipoiona treni mara ya kwanza, pale Kingolwira, waliikatia majani, wakakaa kuisubiri ianze kula. Watoto wakaziba midomo. Yeye akakaza tai. Nikasema kwao jogoo akiwika wanamwitikia marahaba. Akakohoa, nacho kikohozi kikawa cha Kiingereza.

Basi nikapanda kwa mjomba. Kwetu Uluguru mtu ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye nguzo. Nikasema mjomba wake alitoroka jandoni, wakamkuta jikoni kwa mamaye, kajificha ndani ya mtungi wa togwa. Na togwa ile wakainywa hivyo hivyo.

Mwalimu Gervas akafunguka. Kiluguru. Kile cha juu kabisa, cha kuvuta maneno kama mtu anayepanda mlima na mzigo. Kasema watu wa kwetu wanateremsha ugali kwa harufu ya nyama ya jirani. Kasema nilipozaliwa mkunga aliomba anirudishe nilikotoka. Kasema pua yangu peke yake ingejaza debe. Sijatukanwa vizuri hivyo tangu wazee wangu wafe. Nilicheka mpaka kengele ikawa inalia yenyewe mapajani.

Halafu Martina katoka mstarini. Kavua kibao. Kasimama mbele ya mkuu wa shule, kakinyanyua kwa mikono miwili, kasimama kwa ncha za vidole, na hafiki.

Mwalimu akamtazama. Akanitazama mimi. Akainama.

Jioni Martina kaongea. Nyoka, mninga, siafu, Amosi, nukta zote, kwa Kiluguru na Kiswahili na Kiingereza kidogo, bila kuvuta pumzi. Sikumkatiza. Baadaye nikagundua nimetupa njegere zote na bakulini nimeweka maganda.

Jumatano, 14 Mei

Kibao kimekufa. Jana Mwalimu Gervas alishinda nacho, hakumnasa mtu, watoto wote walibana midomo kwa furaha. Alasiri akaja Bi Chausiku kumsifia Amosi, akafungua kwa Kiswahili kirefu. Mwalimu akamvisha. Safari hii mabibi wakahesabiwa. Bi Chausiku kapita nacho mtaani, nimemwona kwa macho yangu haya, na pole nimempa.

Leo asubuhi Mwalimu katangaza basi, mambo ya kibao yameisha. Kanitumia na salamu kupitia Martina, za Kiluguru: mtani, rudisha kengele yangu. Nimemjibu alete jogoo, na aje amwitikie mwenyewe.

Ijumaa, 16 Mei

Kumvisha mtu kibao kwa sababu ya lugha ni ujinga mtupu. Nimewaambia Bigwa nzima.

Kwa hiyo nyumbani kwangu nimetundika mwiko mkubwa wenye kamba. Atakayesema Kiingereza ndani ya ua wangu atauvaa. Sheria ni ya kila mtu. Joyce kasema Mama, wewe hujajifunza kitu. Nikamwambia endelea tu kuongea, shingo yako naiona.

Jioni baridi ya mlima ikashuka. Nikamtuma Martina aniletee blanketi. Hakuondoka. Kaninyooshea kidole, kashika ukuta kwa kicheko. Bibi, blanketi ni Kiingereza. Nikamwambia acha upuuzi, niletee redio basi. Akaanguka chini kabisa.

Naandika nikiwa na mwiko shingoni. Blanketi ni Kiluguru safi, nimewaeleza, wazee walilikuta mlimani. Hawataki kuelewa. Si neno. Kesho Padre anapita kubariki nyumba, naye hamalizi sentensi bila kusema "projekti". Kamba nimeshailegeza, itoshe shingo yake.