Mtaalamu wa Opera Isiyojulikana

Jumapili, 2 Novemba. Riyadh
Ikama yangu, kibali cha kuishi huku, inaisha mwisho wa mwezi. Bosi ametangaza ofisini, hapa Murabba, kwamba ataongeza mkataba mmoja tu: wangu au wa Chebet. Chebet wa mapokezi! Hufika kazini kabla ya saa, makusudi, ili mimi nionekane mchelewaji.

Alhamisi kampuni yetu inaleta opera, kazi ya ujanani ya mtunzi mashuhuri wa Kiitaliano. Ni nadra kuonyeshwa popote. Bosi akauliza nani anaijua. Nikasema mimi, tangu shuleni. Opera sijawahi kuona hata moja. Lakini kama haionyeshwi, nani atanipinga?

Jumatatu, 3 Novemba
Nimepewa kuandika kijitabu cha wageni: hadithi yote, sehemu kwa sehemu. Chebet akasema Waitaliano wako hotelini, niwaulize tu. Nikamjibu kwamba mtaalamu haulizi.

Nimeisikiliza kwenye simu. Mwanamke analia, mzee anafoka, mwanamke analia tena. Bando likaisha. Basi na opera imeishia hapo. Sehemu mbili.

Hadithi nimeitoa kwa binamu yangu Lewis: mahari, ng'ombe wawili wamepungua, baba mkwe amekataa, bibi harusi anakufa kwa huzuni. Wa Lewis hakufa, yuko Homa Bay anauza vitenge. Lakini opera ni opera.

Jumatano, 5 Novemba
Kijitabu kimechapwa mtaa wa Batha, karatasi nzito. Jina langu mbele kabisa: Jackton, Mshauri wa Muziki. Chebet akauliza kama nina hakika ni sehemu mbili. Wivu huo. Nikamwambia halas, yamekwisha, kimeshachapwa.

Alhamisi, 6 Novemba
Ukumbi ulijaa. Mgeni wa heshima alisoma kijitabu changu na kutikisa kichwa kila mzee alipofoka. Mama mmoja alilia kwa ajili ya ng'ombe. Nikaanza kujiona meneja.

Sehemu ya pili ilipoisha, mgeni wa heshima akasimama, akapiga makofi, akaenda zake. Wote wakamfuata. Baada ya dakika kumi hapakuwa na gari nje.

Kumbe sehemu ni nne.

Yule mwanamke, ambaye kumbe hafi, aliimba saa nzima akitutazama mimi na walinzi wawili. Aliimba vizuri mno. Niliona aibu hadi masikio yakawaka. Kiongozi wa wanamuziki alimuuliza bosi ng'ombe wametoka wapi.

Jumapili, 9 Novemba
Mkataba kapewa Chebet. Kumbe Jumanne aliwauliza Waitaliano, akaandika hadithi ya kweli, akaniwekea mezani. Sikuisoma, niliwekea kikombe cha chai juu yake. Mimi napelekwa Jeddah kubeba viti mpaka ikama iishe.

Jumanne, 18 Novemba. Jeddah
Ghala liko mtaa wa Karantina. Joto kali. Msimamizi wetu, Mkenya aitwaye Naftali, kasema kuna watu wanaleta opera nyingine ya mtunzi yuleyule, isiyojulikana hata kuliko ile. Wanatafuta mtu wa kuieleza, na mkataba upo. Nikamwambia nimeiona mara tatu.

Ya Riyadh nimeyatafakari sana, na nimejua nilipokosea. Hii nimeandika ina sehemu kumi na nne. Hakuna atakayeinuka mapema.