Kilo Nane za Kwenda Alpi

Ijumaa, 29 Agosti

Nimeamua. Oktoba hii, mimi na Mastura, Milima ya Alpi, Austria. Begi mgongoni, fimbo mkononi, tunalala kwenye hema. Hoteli hapana! Hoteli ni za watu wasiojua kupanga.

Wazo limenijia leo nyumbani kwa mama mkwe wangu, Bi Mahbuba, kule Ghubra, hapa hapa Maskati, tunakokula kila Ijumaa baada ya sala. Hamdan, kaka yake Mastura, alikuwa anatuonyesha tena picha zake za Austria. Mwaka wa tatu huu tunaziangalia. Hamdan na ziwa. Hamdan na ng'ombe. Hamdan na shali shingoni mbele ya hoteli yenye maua madirishani. Akasema safari kama ile haimfai kila mtu, akanitazama mimi. Nikamjibu kwamba mtu mwenye akili hulala mlimani kwenyewe, tena bure, na asubuhi anafungua zipu na kuiona theluji wakati wenye hoteli bado wanakoroma. Wakacheka wote mpaka mpishi akatoka jikoni.

Mastura hakucheka. Mwaka tuliooana aliniambia hamu yake ni kuona msitu uliogeuka mwekundu wakati wa vuli ya Ulaya. Nikamwahidi. Miaka kumi na minne imepita, na mti pekee uliobadilika rangi ambao nimemwonyesha ni mtende wa jirani, nao ulikuwa umekufa. Hilo linaniuma, sikatai.

Tatizo moja. Likizo yangu ni siku kumi, na ukoo umeshaipangia kazi. Oktoba Bi Mahbuba anakwenda Bangkok kutibiwa magoti. Mwaka jana alisindikizwa na Hamdan. Mwaka huu ni zamu yangu.

Jumapili, 31 Agosti

Ushindi wa kwanza! Hamdan amenasa. Tumekubaliana hivi: nikilala usiku mmoja Jebel Shams, mlima mrefu kuliko yote ya Oman, nisile wala nisitumie kitu ambacho hakikupanda kwa mgongo wangu, basi yeye atampeleka mama yake Bangkok na mimi nitakwenda Alpi. Nikishindwa, Bangkok mimi. Mastura akasema hiyo ni kamari, na kamari ni haramu. Tumeiita makubaliano. Tarehe 19 Septemba. Hakimu ni Bi Mahbuba, kwa sababu sote wawili tunamwogopa.

Nikaliandika jambo hili kwenye kundi la simu la familia, na mwishoni nikaongeza, kwa adabu tu: Karibuni nyote twende. Kila mtu anajua maana yake. Unasema karibuni, wao wanasema Mungu akutangulieni, kila mtu anabaki kwake. Ndivyo tulivyolelewa.

Baada ya dakika mbili ukaja ujumbe wa sauti wa Bi Mahbuba. “Ahsante mwanangu Marhoon, inshallah n'takuja.”

Nimeusikiliza mara tano.

Jumatano, 3 Septemba

Mtandaoni wataalamu wanasema begi lisizidi kilo nane. Nimeleta mizani ya jikoni chumbani. Nimekata lebo zote za nguo. Nimekata mpini wa mswaki. Ulikuwa mswaki wa Mastura. Amesema mlima haujaanza na tayari kuna majeruhi.

Jioni nimefanya mazoezi ufukweni hapa mtaani kwetu Hail. Koti la sufu, gunia la mchele mgongoni, joto nyuzi thelathini na sita. Jasho mpaka kwenye soksi. Baada ya dakika kumi Wael, jirani yetu, akasimamisha gari na kuuliza gari langu limeharibikia wapi. Nikamwambia nafanya mazoezi. Akaniombea dua, akaenda. Kisha akasimama mtu mwingine. Kisha mwingine, na mkewe, wakanipa maji. Wa nne alikuwa mzee wa watu, ameshafungua mlango kabisa. Nikapanda. Kuwakataa watu wanne mfululizo ni utovu wa adabu. Akanifikisha mpaka mlangoni na gunia langu.

Jumatano, 10 Septemba

Hema. Madukani yapo, lakini kwa nini ninunue la mtu mwingine wakati mtaa wa Ghala kuna mafundi? Nimempata fundi wa turubai, hodari, mchana kutwa anashona. Nikamweleza kwa Kiarabu: jepesi, lisilopitisha maji, watu wawili walale na kujigeuza. Akauliza ukubwa gani. Nikamwonyesha gari langu lililokuwa mlangoni, nikamwambia kiasi kile. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Leo nimekwenda kuchukua. Fundi amenishonea funiko la gari. La rangi ya fedha, linang'aa, lina mlango wa zipu ubavuni, nakiri, na madirisha mawili. Lakini lina masikio pia, moja kila upande, ya kuingizia vioo vya pembeni. Nikauliza masikio ya nini. Akasema hajawahi kushona bila masikio.

Nimelipima. Kilo kumi na tisa.

Jumamosi, 13 Septemba

Fomu ya viza inataka anwani ya mahali utakapolala kila siku. Nimejaza: Mlimani, upande wa kulia. Imerudishwa. Watu hawa hawajawahi kulala nje. Nitawashughulikia nikishamaliza na Hamdan.

Alhamisi, 18 Septemba

Nimepata ufumbuzi wa uzito. Rahisi sana! Kama hema limezidi, kinachopungua ni chakula. Nimetoa mchele, dengu, jiko la gesi, sufuria. Vimebaki pakiti moja ya biskuti, tende kumi na mbili, maji lita tatu, na kahawa kidogo ya baridi kwenye chupa. Mtu hafi kwa usiku mmoja. Mastura ameliangalia begi, akauliza kama nina hakika. Nikamwambia mpango una hakika kuliko mimi.

Halafu akasema ametafuta picha za ile misitu leo kazini, na kwamba Oktoba katikati ndiyo huwa myekundu zaidi. Kwa hiyo anaamini! Nimelala nikiwa mtu mwenye furaha.

Ijumaa, 19 Septemba

Naandika kwa vidole vyenye mafuta. Nitaeleza.

Tumetoka Hail asubuhi kwa Landkruza ya Hamdan. Nyuma: kiti cha kukunja cha Bi Mahbuba, zulia, mablanketi sita, sufuria mbili za pilau, chupa tatu za chai, halwa, na mto wa kuwekea magoti. Tumesali Ijumaa Al Hamra, mji ulio chini ya mlima, tukapanda. Kilomita tano kabla ya kufika nikashuka na begi langu, kwa mujibu wa makubaliano. Hamdan akaendesha pembeni yangu njia nzima, kwa mwendo wangu, dirisha wazi ili nisikie kiyoyozi. Bi Mahbuba alikuwa ananihimiza. Kila nikisimama kupumua anasema, “Pumzika mwanangu, hapana anokufukuza.”

Nimefika baada ya laasiri. Magoti yangu mwenyewe yanahitaji Bangkok. Nimesimamisha hema. Upepo ukaingia kwenye masikio, yakasimama. Watalii wawili wamelipiga picha.

Hadi hapo nilikuwa nashinda! Wao wanakula pilau kule kwenye zulia, mimi nimekaa mlangoni mwa hema langu na tende zangu, sijagusa hata moja, naziweka kwa ajili ya jioni. Harufu ya pilau ilikuwa inakuja yenyewe. Sikugeuka.

Ndipo akatokea Mzee Amur. Mwenyeji wa pale, mfuga mbuzi, kilemba safi, bakora mkononi. Alilipita zulia. Aliyapita mahema ya watalii. Akaja moja kwa moja kwangu na kutoa salamu. Ningefanyaje? Mgeni amekuja mpaka mlangoni. Nikasimama, nikamkaribisha, nikamkalisha kwenye mfuko wangu wa kulalia. Akauliza habari zangu, za wazee wangu, za mvua ya Maskati. Nikamwekea tende. Nikammiminia kahawa. Kikombe kikiisha natazama kama atakitikisa, ishara ya kutosheka. Hakukitikisa! Nikammiminia tena. Nikafungua biskuti. Mzee ana meno yote. Alipokitikisa kikombe hatimaye, chupa ilikuwa tupu, na ndani ya begi kulikuwa na soksi.

Akanishukuru, akasema ni miaka hajakirimiwa hivi na mtu wa Maskati, akaondoka. Hamdan akapiga makofi kutoka kwenye zulia.

Njaa niliyoisikia hapo sijawahi kuisikia hata Ramadhani. Ramadhani unajua saa ya kufuturu.

Kabla ya magharibi ikaja pikapu. Mzee Amur na wanawe wawili, na sinia la wali na mbuzi mzima juu yake, mvuke unapanda. Nikasema hapana, Mungu awabariki, nimeshiba. Akasema wallahi nile. Nikasema nina makubaliano. Akasema wallahi mara ya pili, na kwamba nisipokula atauza mbuzi wote waliobaki ahame mlimani. Mtu ameapa mara mbili mbele ya wanawe!

Hapo akili ikanijia. Makubaliano yanasemaje? Kilichopanda kwa mgongo wangu. Haya! Nikawaomba vijana wanisaidie, nikainama, wakaniwekea sinia mgongoni, wakalifunga kwa kamba za hema. Kutoka kwenye pikapu mpaka mlangoni kwangu ni hatua arobaini, tena za kupanda. Nikatembea nimeinama, mchuzi unaingia kwenye kola, wali unateremka mpaka kiunoni, mguu wa mbuzi unanigonga kisogoni. Mzee Amur alikuwa anamuuliza Mastura kama mimi ni mzima. Hamdan alikuwa anarekodi. Nimefika! Nikala. Wallahi nilikula.

Jumamosi, 20 Septemba

Niliamka kabla ya wote. Baridi kali, na masikio ya hema yakipiga kelele. Mastura akatoka kwenye gari amejifunika blanketi, akaja na kikombe chake cha chai, akakaa karibu yangu ukingoni mwa bonde. Hakunipa chai, kwa sababu ya makubaliano. Jua likachomoza, na ukuta wote wa bonde, kutoka juu mpaka chini, ukawa mwekundu. Kisha akasema wekundu huu utamtosha kwa mwaka huu. Neno hilo nimeliandika hapa ili nisilisahau.

Baadaye kesi. Nikajitetea vizuri sana, nusu saa nzima, kwa mikono yote miwili. Mgongo ni wangu. Sinia lilipanda. Mashahidi wapo. Nguo ipo, na mchuzi umo. Hamdan akaonyesha video. Bi Mahbuba akaitazama mara tatu, na mara zote tatu akafuta machozi ya kicheko. Halafu akatoa hukumu kutoka kwenye kiti chake.

“Mgongo nimeuona, mwanangu, na mchuzi nimeuona. Lakini mbuzi huyu hakupanda jebel kutoka Hail. Kazaliwa hapa hapa.”

Bangkok.

Hamdan ameirusha video kwenye kundi la familia. Binamu zetu wa Unguja wameshaiona. Mmoja ameuliza bei ya hema.

Alhamisi, 9 Oktoba

Bangkok, hospitali, siku ya nne. Ukumbi wa kungojea una baridi kama Austria. Nimevaa koti la sufu, kwa hiyo halikununuliwa bure. Nusu ya watu hapa ni Waomani. Nimeshakutana na mtu niliyesoma naye.

Bi Mahbuba ametoka kwa daktari akiwa na furaha. Tulikuwa tunakunywa kahawa yake, aliyokuja nayo kutoka nyumbani, akasema ana jambo linamkaa moyoni. Kule Jebel Shams, nilipokuwa nasimamisha hema, alimwita mzee mmoja aliyekuwa anapita, akamwambia, “Yule kijana wa hema la masikio ni mkarimu sana, anapenda wageni. Nenda kamtembelee, usikae kidogo.”

Kahawa ikanipalia. Nikamuuliza kwa nini.

Akasema mwaka jana Hamdan alimwacha kwenye kiti hiki hiki saa nne nzima, akenda kununua mabegi. “Wewe maneno yako mengi, Marhoon, yanan'choshea masikio. Lakini hukai mbali na mimi.”

Basi ndivyo ilivyokuwa! Nimehujumiwa na hakimu mwenyewe! Nilitaka kukasirika. Nimejaribu kutoka saa nne mpaka adhuhuri, haikuwezekana. Nikamletea maji ya moto ya miguu.

Jambo la muhimu: sasa najua kosa lilikuwa wapi. Mpango haukuwa na dosari hata moja. Tuliujaribu kwenye mlima usio wake tu, wenye wenyeji wakarimu mno. Alpi hakuna atakayekuja na sinia. Vuli ijayo, kilo nane, hema jipya, na Mastura ataona miti. Nikamchorea Bi Mahbuba ramani yote nyuma ya karatasi ya dawa. Karibu yetu walikaa Bakhit, Mwomani wa Salala aliyekuja na mgongo wake, na dada yake. Walikuwa wanasikiliza kwa heshima. Nisingeweza kupanga safari mbele ya watu na kuwaacha hivi hivi. Nikasema, kwa adabu tu: karibuni twende wote.

Bakhit akauliza ni tarehe ngapi. Dada yake akaandika.

Bi Mahbuba akanyoosha goti, akalikunja, akalinyoosha tena. Daktari amemwambia mwakani atapanda ngazi. “Inshallah n'takuja,” akasema. “Na sufuria n'takuja nazo.”

Nimeshampigia simu fundi wa Ghala. Nimemwambia safari hii apime basi dogo.